Mfiwa Asiye na Kilio: Utafutaji wa Maana katika Hadithi Fupi "Toska" ya Anton Chekhov

1. Utangulizi

Hadithi fupi inayosimulia maisha ya watu wa kawaida huwapa wasomaji wengi taabu ya pekee. Ndani yake hamna shujaa anayeliokoa taifa, hamna jini wala mfalme, wala hamna fumbo linalofumbuliwa mwishoni. Mtu anafanya kazi yake, anapata pesa kidogo, anarudi pale alipolala jana, na kurasa zinakwisha. Mwanafunzi aliyezoezwa tangu shule ya sekondari kutafuta "funzo" mwishoni mwa kila hadithi hujikuta mikono mitupu. Hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hutangaza kwamba hadithi haina maana, ama huibandika maana yoyote iliyo karibu, hasa methali au onyo la maadili.

Taabu hiyo haitokani na uvivu wa wanafunzi peke yake. Inatokana pia na mazoea ya uhakiki. Kwa muda mrefu maudhui yametenganishwa na fani: kwanza huorodheshwa dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kisha, nafasi ikibaki, hutajwa wahusika, mandhari na lugha. Utaratibu huo una faida zake, hasa kwa anayejitayarisha kwa mtihani. Lakini huidhuru hadithi fupi ya watu wa kawaida, kwa sababu katika hadithi ya namna hiyo maana haikuwekwa juu ya mambo madogo kama kifuniko juu ya chungu. Imo katika mambo madogo yenyewe: bei ya safari, neno la kumwitia mtu, saa ya kulala.

Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa njia ya hadithi moja, "Toska" ya mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya hadithi hiyo haiko katika ukatili wa binadamu, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Iko katika jambo lingine: msiba ni habari inayodai kupokewa kwa utaratibu wake, na mtu asiyepata wa kuipokea hajamaliza kufiwa. Kutokana na hoja hiyo yatafuata maswali juu ya lugha, na mwisho juu ya wajibu wa msomaji mwenyewe.

2. Hadithi na mazingira yake

"Toska" ilichapishwa kwa mara ya kwanza Januari 1886 katika gazeti la Peterburgskaya Gazeta, chini ya jina la kubuni A. Chekhonte. Chekhov alikuwa na umri wa miaka 26. Alizaliwa mwaka 1860 mjini Taganrog. Babu yake alikuwa mtwana wa shamba aliyejinunulia uhuru yeye na jamaa yake. Mwaka 1884 mjukuu huyo alihitimu udaktari mjini Moscow, na alikuwa akiandikia magazeti ili kuilisha jamaa yake. Watwana wa Urusi waliachwa huru kwa amri ya mwaka 1861, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi waliingia mijini kutafuta riziki. Mhusika mkuu wa hadithi ni mmoja wa watu wa namna hiyo.

Jina lake ni Iona Potapov, mzee anayeendesha gari la abiria linalovutwa na farasi jike juu ya theluji. Ni magharibi. Taa za barabarani zimewashwa, theluji yenye maji inaanguka, na mzee na farasi wake wamesimama bila kutikisika, weupe wote wawili. Mwanawe amekufa wiki hiyohiyo. Anakuja afisa wa jeshi anayetaka kupelekwa mtaa wa Vyborg, ng'ambo ya mto Neva. Iona anamwambia kuhusu kifo cha mwanawe. Afisa anauliza kilichomwua. Mzee anageuka ajibu, anataja homa na siku tatu za hospitali. Mara gizani zinatoka kelele za mtu aliyekaribia kugongwa, na afisa anamhimiza aende mbio, kisha anafumba macho.

Baada ya saa kadhaa wanafika vijana watatu, wawili warefu na mmoja kibyongo, wanaokwenda daraja la Polisi na kutoa kopeki 20 kwa wote watatu. Wanagombana, wanajisifia ulevi, wanamtukana mzee na kumpiga kofi shingoni. Mzee anacheka pamoja nao, kisha anawaambia habari yake. Kibyongo anajibu kwamba wote watakufa. Wanapofika wanashuka wakiwa wamefurahi kumaliza safari. Iona anajaribu kumsemesha mlinzi wa nyumba mlangoni, huyo anamfukuza. Anarudi kwenye bweni la waendesha magari, ambako watu wanakoroma kando ya jiko kubwa. Kijana mmoja anaamka kunywa maji. Mzee anaanza kumwambia, lakini kijana amekwisha kujifunika na kulala. Ndipo Iona anapokwenda zizini kumwangalia farasi wake, na huko anamweleza mnyama yote.

Neno la Kirusi lililo anwani ya hadithi hubeba kwa pamoja huzuni, upweke na hamu ya kitu kisichopatikana. Kiswahili kina maneno mengi jirani: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro. Kihoro lakaribia zaidi kwa upande wa msiba, kwa kuwa ni majonzi ya kupotewa. Lakini halimwonyeshi mtu aliye peke yake katikati ya umati. Ndiyo sababu anwani ya asili imebakizwa hapa.

3. Usomaji wa haraka na kasoro zake

Usomaji ulioenea husema hivi: Chekhov anawalaumu watu wa mjini kwa ugumu wa mioyo, na anafundisha kwamba mnyama ana utu kuliko binadamu. Usomaji huu hauna ubaya wa kuwa uongo mtupu. Ubaya wake ni kwamba unasimama mapema mno. Ukipimwa kwa matini yenyewe, unapungukiwa katika mambo matatu.

Kwanza, afisa si mkatili. Yeye ndiye mtu wa pekee katika hadithi nzima aliyeuliza swali ambalo kila mgeni wa kilio huuliza: amekufa kwa nini? Swali lilikuwa sahihi na mzee alikwisha kugeuka kulijibu. Kilichokata mazungumzo si moyo wa afisa. Ni msongamano wa barabara, giza na haraka ya safari. Pili, jibu la kibyongo, kwamba wote watakufa, si tusi. Maneno hayohayo husemwa katika kila nyumba yenye msiba, na huwafariji watu. Kosa lake ni kuyatumia kufunga mlango uliopaswa kufunguliwa. Zaidi ya hayo, kibyongo mwenyewe ni mtu wa kuonewa: wenzake wameketi naye anasimama kwa sababu ndiye mdogo wa umbo kuliko wote, na kikohozi kinamsumbua. Tatu, kijana wa bwenini hana hatia yoyote. Amefanya kazi kutwa nzima katika baridi kama mzee, na mwili wake unadai usingizi.

Basi katika hadithi hii hayumo mhusika mwovu anayeweza kubebeshwa lawama yote. Kila mmoja ana sababu yake: safari, ulevi, amri ya kazi, usingizi. Methali ya Kiswahili isemayo kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi inafafanua hali hiyo vizuri kuliko neno ukatili. Kanda la usufi ni jepesi machoni mwa asiyelibeba. Si kwamba anamchukia mbebaji, bali hana njia ya kuujua uzito.

Mambo madogo yanathibitisha uzito huo kwa namna ambayo hotuba isingeweza. Vijana wanapotoa kopeki 20 kwa watu watatu, msimulizi anaeleza kwamba bei hiyo si ya haki, lakini mzee hajali tena kama atapewa ruble nzima au kopeki tano, mradi apate abiria. Mwendesha gari maskini asiyejali bei ni mtu ambaye ndani yake kitu kimevunjika. Hata jioni, hakupata pesa za kutosha kununulia farasi nafaka, na kwa hiyo farasi anakula nyasi kavu. Katika hesabu hiyo ndogo mwandishi ameweka huzuni yote bila kuitaja. Mhakiki anayekimbilia "ujumbe" huziruka kopeki hizo, na kwa kuziruka huupoteza ujumbe anaoutafuta.

4. Utaratibu wa habari ya msiba

Kiini cha hadithi kimo bwenini, baada ya kijana kulala. Hapo msimulizi anaeleza kinagaubaga kile Iona anachokihitaji. Hahitaji pesa, wala hahitaji kuhurumiwa kwa jumla. Anahitaji kusimulia kwa mpango: mwanawe alivyougua, alivyoteseka, aliyoyasema kabla ya kufa, alivyokufa, kisha mazishi, na safari ya kwenda hospitali kuchukua nguo za marehemu, kisha habari za binti yake Anisya aliyebaki kijijini. Na msikilizaji naye ana kazi yake: kuguna, kuugua, kuomboleza. Wanawake, anawaza mzee, wangefaa zaidi, kwa kuwa wao huanza kulia baada ya maneno mawili.

Msomaji wa Kongo anaitambua orodha hiyo. Katika kilio, au matanga kama inavyosemwa pia, wageni hawafiki kukaa kimya tu. Aghalabu hufika wakati ambapo mmoja wa jamaa huombwa aeleze: ugonjwa ulianza siku gani, mgonjwa alipelekwa wapi, daktari alisemaje, usiku wa mwisho ulikuwaje, alitamka neno gani, alikata roho saa ngapi. Mgeni mwingine akifika, habari inarudiwa tangu mwanzo, na hakuna anayesema kwamba amekwisha kuisikia. Asiyejua desturi anaweza kudhani kwamba ni kurudiarudia bure. Lakini kila mara habari inaporudiwa, inapungua ukali na kuongezeka umbo, mpaka inakuwa kitu kinachoweza kubebwa.

Huenda ikapingwa kwamba kuisoma hadithi ya Kirusi kwa macho ya kilio cha Kongo ni kuilazimisha. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama orodha isingekuwamo katika matini. Lakini imo, na imetolewa na mhusika mwenyewe. Tena neno la Kirusi ambalo Chekhov analitumia kwa kazi ya msikilizaji ni lile linalohusu nyimbo na vilio vya mazishi vya wanawake wa vijijini. Urusi ilikuwa na fasihi simulizi yake ya maombolezo, na Iona anaifahamu. Hakuna desturi ya kigeni inayoingizwa hapa. Msomaji anayetoka katika jamii yenye desturi jirani anaiona tu mapema zaidi ile iliyomo tayari.

Hapa ndipo methali nyingine inapohitajika: kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Iona ameanza. Ameanza mara nne mbele ya watu: kwa afisa, kwa vijana, kwa mlinzi wa nyumba, kwa mwendesha gari mwenzake. Kwa mlinzi hakupata hata nafasi ya kumtaja marehemu. Aliuliza saa tu ili apate mwanzo wa mazungumzo. Wa mbali hawakuingia. Kwa hiyo kilichokosekana Saint Petersburg si huruma ndani ya mtu mmoja mmoja, bali ni mahali na wakati wa kuingilia. Mzee amewaacha kijijini wale wanaojua sehemu yao katika maombolezo, na amefika penye maelfu ya watu ambamo sehemu hiyo haina mwenyewe. Msimulizi anasema jambo kama hilo juu ya farasi: aliyeng'olewa kutoka katika jembe na mandhari aliyoyazoea, akatupwa katika mji wa taa kali na kelele, hawezi kukosa mawazo.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na kujazwa na wafanyakazi waliotoka mbali, jambo hilo si la kitabuni tu. Watu walioachana na koo zao walilazimika kuunda ujirani mpya wa kulia pamoja, kwa kanisa, kwa kazi, kwa uwanja mmoja. Pale ambapo ujirani huo unalegea, kwa sababu ya ufukara, vita au uhamaji, kila mfiwa anaweza kuwa Iona. Hilo ndilo lililo hatarini katika hadithi hii, wala si adabu ya abiria peke yake.

5. Wakati wa vitenzi: -na-, -li- na -ka-

Jambo la lugha linaitia nguvu hoja hiyo. Chekhov ameisimulia "Toska" kwa wakati uliopo: theluji inaanguka, mzee anakaa, abiria anapanda. Mfasiri wa Kiswahili atavutwa kuibadilisha kuwa masimulizi ya -li- na -ka-, kwa sababu ndiyo desturi ya ngano na hadithi: palikuwa na mzee, akaenda, akaona, akasema. Badiliko hilo litasomeka kwa ulaini, lakini litaharibu jambo kubwa.

Kiambishi -ka- si alama ya wakati tu. Huunganisha tendo na tendo lililotangulia, na humwambia msikilizaji kwamba msimulizi anaujua mnyororo wote, kutoka kiungo cha kwanza hadi cha mwisho. Anayesema kwa -ka- ameshayavuka mambo; yuko ng'ambo, anayatazama. Iona hajavuka. Yumo katika -na-: theluji inaanguka, naye anangoja. Alichopata kumwambia afisa kinatosheleza vitenzi viwili tu vya Kiswahili, kimoja cha -li- kwa siku za hospitali na kimoja cha -ka- kwa kifo. Hapo mnyororo ulikatika.

Kwa hiyo yawezekana kusema kwamba hitaji la Iona ni hitaji la -ka-. Anataka kuyapanga yaliyompata mpaka yawe hadithi yenye mwanzo na mwisho, na hadithi haipangwi pasipo msikilizaji. Msimulizi anatoa ushahidi wa moja kwa moja: mzee anaweza kusema na mtu habari za mwanawe, lakini kumwaza na kumwona moyoni akiwa peke yake ni jambo lisilovumilika. Wazo bila msikilizaji halina mpangilio. Linamrudia mtu lilelile. Tafsiri itakayobakiza -na- katika sauti ya msimulizi na kuiweka -ka- kinywani mwa Iona peke yake itamwezesha msomaji wa Kiswahili kuisikia tofauti hiyo sikioni, hata kabla hajaieleza.

6. Jina la marehemu na neno ndugu

Kwa watu wote Iona husema tu kwamba mwanawe amekufa. Jina halitajwi. Ni zizini tu, mbele ya farasi, ambapo marehemu anapata jina: Kuzma Ionych. Msomaji asiyejua desturi za Kirusi aweza kulipita neno hilo la pili akidhani ni jina la ukoo. Silo. Ni jina la baba lililogeuzwa kuwa la mtoto, kama vile Kiswahili cha pwani kingesema Kuzma bin Iona. Kuita mtu kwa jina lake pamoja na la baba yake ni kumheshimu kama mtu mzima. Baba anampa mwanawe aliyekufa heshima ambayo mji haukumpa, na kwa kufanya hivyo anajitaja yeye mwenyewe ndani ya jina la mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema Waswahili. Hapa uchungu huo umebanwa katika silabi chache za jina.

Neno la pili ni lile la kuitia. Iona anamwita kijana wa bwenini ndugu, na baadaye anamwita farasi vilevile. Usomaji wa haraka huona hapo kichekesho au fedheha: mzee ameshuka mpaka kumwita mnyama ndugu. Lakini matini yanaonyesha zaidi. Kwa kijana na kwa farasi, tofauti na abiria, Iona hakuanza na habari yake. Alianza kwa kuuliza haja ya mwenzake: kijana, kama ana kiu, farasi, kama anatafuna. Kwa farasi anakiri hata kosa lake, kwamba hawakupata pesa za nafaka na kwamba yeye amekwisha kuzeeka kwa kazi hii, ambayo mwanawe ndiye aliyeiweza. Baada ya hapo tu anamwomba farasi awaze kwamba ana mtoto, na kwamba mtoto huyo amefariki.

Kwa hiyo mwisho wa hadithi haudai kwamba wanyama ni bora kuliko watu. Unaonyesha masharti ya mazungumzo ya msiba yakitimizwa kwa mara ya kwanza: kuna utulivu, hakuna safari ya kukimbilia, haja ya msikilizaji imeulizwa, jina la marehemu limetajwa, na msikilizaji ameombwa ajiweke katika nafasi ya mfiwa. Farasi anatafuna, anasikiliza, na pumzi yake inafika mikononi mwa mzee. Mguno ambao Iona alimtamani msikilizaji autoe umekuja kwa umbo la pumzi. Ni kidogo, na ni cha kusikitisha kwamba umetoka kwa mnyama; lakini si bure.

7. Nafasi ya msomaji

Limebaki jambo moja ambalo usomaji mwingi hauligusi. Mwishoni msimulizi anasema kwamba Iona alimweleza farasi yote. Yote hayo ni yapi? Msomaji haelezwi. Hajui Kuzma alisema nini kabla ya kufa, hajui mazishi yalivyokuwa, hajui safari ya kuchukua nguo ilimgharimu mzee machozi gani. Hadithi inafungwa pale pale ambapo habari inaanza.

Ukimya huo si upungufu wa ufundi. Chekhov angeweza kuandika kurasa mbili za masimulizi ya mzee, na wasomaji wangelia. Badala yake amewaacha nje ya mlango wa zizi. Msomaji anayefika mwisho akidhani kwamba sasa anamjua Iona anagundua, akitulia, kwamba naye ameambiwa yaleyale machache walioambiwa abiria: mwana, homa, siku tatu, kifo. Tofauti kati yake na afisa ni moja tu: yeye anaweza kurudi mwanzo na kusoma tena.

Mwandishi wa Ayalandi Frank O'Connor, katika kitabu chake juu ya hadithi fupi kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitoa rai kwamba utanzu huu, tofauti na riwaya, huwafuata watu waliozamishwa pembezoni mwa jamii, na kwamba upweke umo katika asili yake. Rai hiyo inamfaa Iona. Lakini inahitaji nyongeza: hadithi fupi haiwaonyeshi tu watu waliosahauliwa, inaweza pia kumweka msomaji katika nafasi ya wale waliowasahau, ili ajipime. Ufupi wake ni sehemu ya kipimo hicho. Kurasa zake ni chache kama dakika za safari ya abiria. Je, dakika hizo zitatumiwa kusikiliza, au kuuliza lini tutafika?

Hapo swali la mwanafunzi, "funzo lake ni nini?", linapata sura mpya. Likiulizwa mwishoni, baada ya kopeki, jina na neno ndugu kutazamwa, ni swali halali. Likiulizwa mwanzoni, ni swali la abiria: humtaka msimulizi afike haraka, amwache mtu wake barabarani. Mwanafunzi anayeandika kwamba "Chekhov anatufundisha kuwahurumia maskini", kisha afunge daftari, ametamka neno la kweli kama lile la kibyongo, na kwa namna ileile amelitumia kufunga mlango.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba maana ya "Toska" haiwezi kutengwa na mambo yake madogo. Bei isiyojaliwa inaupima msiba. Orodha ya mambo ya kusimuliwa inafichua desturi iliyopotea. Wakati wa vitenzi unatofautisha mtu aliye ndani ya uchungu na yule aliyeuvuka. Jina la marehemu linarudisha heshima. Na ukimya wa mwisho unamgeukia msomaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho "fani" tupu inayosubiri "maudhui" yaletwe kutoka mahali pengine.

Kwa ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili yafuata mapendekezo mawili ya kiasi. La kwanza ni kwamba hadithi fupi za watu wa kawaida, ziwe za Kiswahili au zilizofasiriwa, zisomwe darasani angalau mara mbili kabla ya neno dhamira kutamkwa. Na katika usomaji wa pili mwanafunzi aulizwe nani anazungumza na nani, anamwitaje, na nani anamkatiza. La pili ni kwamba wanafunzi wahimizwe kuleta ujuzi wao wa kilio, wa salamu, wa ujirani na wa mji, si kama mapambo, bali kama nyenzo za uhakiki zinazopaswa kuthibitishwa kwa matini. Mwanafunzi aliyewahi kukaa usiku mzima uwanjani penye msiba, akasikia habari ya ugonjwa ikielezwa kwa mara ya nne kwa mgeni aliyechelewa, anajua tayari jambo ambalo hakuna abiria wa Iona aliyelijua. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba jambo hilo ni elimu.

Mzee Iona Potapov hakupata kilio. Msomaji wa Kiswahili hawezi kumrudishia mwanawe, wala hawezi kusikia yale yaliyosemwa zizini. Anachoweza ni kuingia, kama wa mbali wanavyoingia, na kukaa kitambo bila kuuliza saa.